Kasha la Insulini Lililonikuta Edani

Kampuni iliyonipa kazi ya kuuza dawa zake Mafia haikuwahi kutia mguu Mafia. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka humo. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona, na mmoja wenu akaniambia, "Bi Mwanahawa, andika kwa upole." Nitajaribu. Upole ninao. Lakini hasira nayo ninayo, na bado sijajua nitaiweka wapi.

Elimu yangu ni darasa la saba, na juu yake mafunzo ya muuzaji wa duka la dawa muhimu. Nilikuwa nauza duka dogo karibu na soko la Kilindoni: dawa za kichwa, za minyoo, za malaria, mafuta ya kuchua. Siku moja ikapigwa simu kutoka Dar es Salaam. Mtu anatafuta mwakilishi wa mauzo. Akaniuliza kama naijua njia ya Kirongwe. Nikasema naijua. Akaniuliza Ndagoni. Nikasema nina shangazi huko. Akasema, "Safi sana," na hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu.

Mkataba ulisema kazi ni ya nusu muda. Msidanganyike na neno hilo. Nusu muda ni kwa upande wa kampuni: wanakujali nusu, na jina lako wanalikumbuka nusu. Kwa upande wako ni muda wote, kwa sababu mtu wa Kiegeani akidhuriwa na dawa uliyomsifia hatauliza leo ni siku yako ya kazi au siyo. Atakuja mpaka barazani kwako na kopo la dawa mkononi. Habari za mshahara na vyeo siziandiki. Cheo sikupata, na mshahara mnaujua wenyewe.

Mwanzoni waliniita Dar kwa mafunzo, kwenye ukumbi wenye baridi ya kutetemesha. Tulifundishwa kutabasamu. Tulifundishwa kumtia tabibu kalamu mkononi, yenye jina la dawa, kabla hujafungua mdomo. Tulifundishwa pia kwamba ukiulizwa jambo usilolijua usiseme "sijui". Useme "swali zuri sana," kisha uhamie kwenye dawa nyingine. Nilirudi nyumbani na elimu hiyo, na wa kwanza kumjaribia akawa Bi Saumu.

Bi Saumu alikuwa muuguzi zamani. Baada ya kustaafu alifungua famasi Kilindoni, na ni yeye aliyenifundisha kazi kuliko ukumbi wowote. Siku ile nilimwekea boksi la vidonge vya maumivu juu ya meza, nikatabasamu kama nilivyoelekezwa.

"Hii anaweza kumeza mwenye vidonda vya tumbo?" akaniuliza.

"Swali zuri sana, Bi Saumu."

Akanitazama juu ya miwani. "Najua ni zuri, ndiyo maana nimeuliza. Jibu je?"

"Sijui."

"Haya. Sasa tunaweza kuongea biashara. Nenda kapige simu uulize, ukijua urudi."

Nilipiga simu. Waliniambia ni swali zuri sana. Ilinibidi nikamuulize daktari wa hospitali ndipo nikarudi na jibu, na jibu lilikuwa kwamba asimeze.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Mkoba mweusi wa kampuni, ambao zipu yake iliuawa na chumvi ya hewa mapema mno, mume wangu akaishonea vifungo vya kamba. Sampuli chache. Kibegi cha baridi chenye kipimajoto, nitakieleza mbele. Na karatasi za kupendeza zenye picha za wazee wa Kizungu wanaocheka kwenye bustani. Ndagoni mama mmoja alizitazama sana zile picha, akaniuliza wazee wale wanacheka nini. Nikamwambia wamepona. Akasema, "Au wamelipwa."

Mume wangu aliitwa Bakari. Alikuwa fundi mwashi na alikuwa na pikipiki. Siku zisizo na kazi ya ujenzi alinichukua Kirongwe, tukirudi kwa njia ya mashamba ya minazi na mikorosho, mkoba katikati yetu kama mtoto. Mimi nikiingia dukani yeye hukaa nje na watu. Wakimtania, "Bakari, siku hizi umekuwa dereva wa mkeo?" hujibu, "Namwendesha daktari wa nusu muda." Kampuni haikumjua mtu huyo. Hakuwemo katika mkataba, wala petroli yake haikuwemo, lakini bila yeye wasingeuza kidonge kimoja nje ya Kilindoni.

Msimamizi wangu nilimjua kwa sauti tu. Nitamwita Bwana Edwin, ingawa silo jina lake. Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa habari ya madago. Mnajua wavuvi wanaokuja kutoka wilaya nyingine za pwani na kupiga dago huku, yaani kambi zao za ufukweni, msimu mzima. Mtu akichomwa na mwiba wa samaki, au mkono ukakatwa na mshipi, haachi kazi kwenda zahanati. Anatuma mtu dukani kununua "rangi mbili," vile vidonge vya kuua vijidudu, viwili leo na vitatu siku akikumbuka. Bwana Edwin alitaka nikauze huko. Alisema ni soko lililolala.

"Wananunua nusu dozi," nikamwambia. "Kidonda kinajifunga juu, chini kinaoza."

"Mama, wewe ni mwakilishi wa mauzo, si wa vidonda."

Sikwenda kuuza. Nilikwenda na Bakari kuwaeleza zahanati iko wapi. Mvuvi mmoja mzee akaniambia, "Wewe mwanamke wa ajabu. Umekuja na mkoba wa dawa kutuambia tusinunue." Wakacheka wote, wakatupa samaki.

Kisha kampuni ikaingiza insulini. Hii ndiyo dawa ya mgonjwa wa sukari ambaye mwili wake hauitengenezi wenyewe. Hunywi, unajichoma, kila siku ya maisha yako, na ukiikosa haichukui muda mrefu kukumaliza. Ni dawa ya kudeka. Joto inalichukia, na kuganda zaidi. Inataka baridi ya kiasi, nyuzi mbili mpaka nane, kama baridi ya chini ya mtungi. Bi Saumu alikuwa na friji na betri ya jua kwa siku umeme ukikatika, kwa hiyo wagonjwa wa huku wakawa wanaifuata kwake.

Alinikalisha akaniambia, "Mwanangu, samaki akiharibika hukwambia mwenyewe kwa harufu. Hii ikiharibika inakaa kimya. Inakuacha ujichome huku unadhani umejitibu." Basi tukajiwekea utaratibu, mimi na yeye, ambao kampuni haikuuandika popote. Kasha likishuka bandarini, mimi na Bakari tuko pale. Tunafungua, tunasoma kipimajoto, tunahamishia dawa kwenye kibegi cha baridi, moja kwa moja mpaka kwenye friji. Kipimajoto kikionyesha vibaya, hapokei. Hatujabishana hata siku moja.

Aliyekuwa akiitegemea kuliko wote ni Zainabu, binti wa Kirongwe, msusi wa ukili. Sukari ilimpata angali mdogo. Mtu akimwita mgonjwa hukasirika. "Mimi si mgonjwa," husema, "mimi nina sukari na mdomo." Akituona na pikipiki hupiga kelele, "Bakari, mwendeshe polepole huyo, kanibebea uhai wangu!" Bakari hupunguza mwendo kweli, hata pale ambapo hapakuwa na shimo.

Bakari alifariki. Sitaandika mengi. Aliamka mzima, akaenda kupiga lipu nyumba ya mtu, adhuhuri wakamleta. Madaktari walisema ni kiharusi. Tulimzika siku ileile.

Mjane kwetu hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Havai cha kupendeza, hajitii manukato, hatoki nyumbani ila kwa dharura. Mama mkwe wangu alihamia kwangu tukakaa wote, yeye amefiwa na mwana, mimi nimefiwa na mume, na mara nyingi ilipita asubuhi nzima hatujasemezana, na haikuwa kwa ubaya. Watu wa matanga hawajatawanyika, nikampigia Bwana Edwin mwenyewe, asije akasikia kwa wengine.

"Pole sana, mama. Mungu amlaze pema," akasema. "Sasa, wiki hii linakuja kasha la insulini."

"Bwana Edwin, mimi niko edani. Sitoki."

"Naelewa. Lakini mkataba wa nusu muda hauna likizo ya msiba."

"Si likizo."

"Basi ni nini?"

"Ni eda."

"Kwenye mfumo sina pa kuiandika hiyo."

Nikamwomba kasha liandikwe jina la Bi Saumu, alipokee yeye. Akakataa. Kasha huandikwa jina la mwakilishi, mtu mwingine hawezi kulipokea, huo ndio utaratibu. Nikamwomba basi walizuie mpaka tupange. Akasema Bi Saumu ameshaagiza na wagonjwa wanangoja. Na hilo lilikuwa kweli. Zainabu alikuwa na kichupa cha mwisho, kimefika chini. Nikamwambia ikiwa lazima lije, anijulishe siku na boti, ili Bi Saumu awe bandarini. Akasema atanijulisha.

Hakunijulisha. Bi Saumu alikwenda bandarini siku ya boti kwa kubahatisha, akarudi mikono mitupu. Kumbe kasha lilikuwa limeteremshwa Nyamisati, upande wa bara, likaachwa gatini kwenye jua, hakuna aliyeambiwa wala aliyeulizwa.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nikasikia hodi. Alikuwa Hamadi, mchukuzi wa bandarini, kijana mwenye mabega kama mlango, anayepakia kamba na pweza wanaokwenda bara na kuvuka nao. Mama mkwe alimkaribisha barazani, mimi nikakaa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, Hamadi."

"Nimekuletea amana yako. Nimelikuta kasha lako Nyamisati limetupwa, vile vibarafu vyake vimekuwa maji ya moto. Nikasema, haa, hili la mjane wa Bakari, haliozi nikiwa natazama. Nimelifungua, vichupa nimevizika ndani ya barafu ya kamba, na chumvi juu nikamwaga. Unajua chumvi inavyokaza barafu. Kamba ukiwalaza hivyo wanafika Dar wamekuwa mawe!"

"Na dawa?"

"Mawe!" akasema kwa furaha.

Nilifumba macho. Kosa hilo asingelifanya mtu asiyejua kazi. Lilifanywa na mtu anayeijua vizuri kazi nyingine. Maisha yake yote Hamadi amepigana na joto, na dawa yake ni barafu, na dawa ya barafu ni chumvi. Alikuwa amekesha akilinda mali ya mfiwa. Mama mkwe akataka kumpa chochote, akakataa. "Bakari alimjengea mama yangu jiko, hakuchukua kitu. Mimi nichukue kitu kwa mkewe?"

Nikamwambia, "Mungu akulipe, Hamadi." Siku ile sikuweza kusema zaidi ya hapo.

Alipoondoka nikafungua kasha. Vichupa vingine vimepasuka. Vilivyobaki, ndani yake barafu nyeupe. Nikaviweka juu ya mkeka, nikakaa kuvitazama kama nilivyomtazama Bakari walipomlaza. Jua lilipopanda vikayeyuka, kimoja kimoja, vikawa vyeupe safi kama maji ya mvua. Ungevichanganya na vizima usingevitambua.

"Mbona mtu umemshukuru na uso umekufa?" mama mkwe akaniuliza.

Nikamweleza. Akavitazama sana. "Lakini ni vizuri," akasema.

"Ndiyo ubaya wake, Mama."

Nikampigia Bwana Edwin.

"Dawa imeganda," nikasema.

"Imeganda mpaka sasa?"

"Sasa imeyeyuka."

"Basi tatizo limekwisha."

"Bwana Edwin, yai ukishalichemsha, likipoa haliwi bichi."

"Mama, hatuuzi mayai. Niambie, ina rangi mbaya?"

"Hapana."

"Ina uchafu ndani?"

"Siuoni."

"Basi ipeleke famasi. Nani atajua?"

Nimefikiria sana namna ya kuandika habari hii kwa upole, na kila nikifika hapa napotea. Nani atajua! Mtu aliyesoma, aliyekaa kwenye kiti, ananiuliza mimi nani atajua. Atajua Zainabu. Atajua siku atakapojichoma asubuhi na jioni, kwa uaminifu, huku sukari inapanda, akikojoa na kutapika, mdomo umemkauka, na mama yake anamwambia, "Si umechoma dawa, mwanangu? Pumzika basi." Hivyo ndivyo angejua. Nikamwambia siipeleki. Nikakata simu, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu.

Alasiri Bi Saumu akaja, na nyuma yake Zainabu. Bi Saumu alikaa mkekani karibu yangu, akanishika mkono, kisha akasema kwa taratibu, "Mwanangu, nimepigiwa simu. Msimamizi wako anasema kasha lipo kwako, dawa ni nzima, ila wewe msiba umekuvuruga akili na umelizuia. Anasema nitume mtu alichukue."

Kifo cha mume wangu walikosa pa kukiandika kwenye mfumo wao, lakini walipata pa kukitumia.

"Bi Saumu, lione mwenyewe."

Akalisogeza. Barafu ya kamba ilikuwa imebaki kidogo pembeni. Akaichovya kidole, akaonja chumvi, akatema. Akavigusa vile vilivyopasuka. "La haula," akasema. "Wamevizika vizuri."

Zainabu alikuwa amesimama mlangoni. Kisha akasema, "Nipeni hiyohiyo. Yangu imekwisha leo asubuhi. Dawa mbovu si bora kuliko hakuna?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ukikosa utajijua umekosa, utakimbilia hospitali. Ukijichoma hii utakaa nyumbani unangoja nafuu."

"Kwa hiyo inaniua huku inanitania."

"Hivyohivyo."

"Basi ina tabia za mwanamume wangu wa kwanza," akasema, na mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amecheka tangu tulipozika, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni, na kicheko kikageuka kilio. Tukamwacha alie.

Bi Saumu hakupoteza muda. Alimchukua Zainabu moja kwa moja mpaka hospitali, wakampa dawa ya kumvusha. Akaagiza kwa duka jingine la Dar, na insulini ikaja kwa ndege ndogo, ndani ya kibegi cha baridi, mkononi mwa mwalimu aliyekuwa anarudi kazini, na kipimajoto kimesema kweli. Zainabu akarudi kwenye ukili wake na mdomo wake.

Ningependa kumalizia hapo, lakini kasha lilikuwa bado ndani kwangu. Bwana Edwin akapiga tena.

"Kama Mafia hamlitaki, lirudishe. Kuna wateja bara. Nimeshapata mtu, anakuja na boti ya Jumatatu kulichukua."

Angalieni hilo. Kasha lilipokuwa linakuja na dawa nzima, lilikosa mtu wa kulipokea ila mjane aliye edani. Lilipokuwa linaondoka na dawa iliyokufa, mtu wa kulifuata akapatikana, na nauli ikapatikana. Na bara nako kuna Zainabu wengi. Siwajui majina, hawatanitania njiani, na hawana Bi Saumu wa kuonja chumvi. Yule mtu angekwenda kulitoa barafu, kulipangusa, kuling'arisha, akauza.

Sheria ninayoijua ni hii: dawa isiyofaa haimwagwi na mtu nyumbani. Inapelekwa kwa mfamasia wa serikali, anaikagua, anaiandika kuwa haifai, inateketezwa. Nikawaza kumtuma mtu. Lakini jina lililoandikwa kwenye kasha lilikuwa langu peke yangu, na akienda mtu mwingine angeambiwa yeye ni nani. Ikabidi niende mwenyewe.

Nilimwambia mama mkwe nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuniangalia.

"Watu watasema," akasema.

"Najua, Mama."

"Watasema udongo wa mwanangu haujakauka na mkewe yuko barabarani."

"Najua. Ukisema nisiende, sitakwenda."

Mikono yake ikaendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza, "Nikisema usiende, na mtoto wa mtu akafa kwa hiki, hiyo eda unamkalia nani?" Akaweka ungo chini. "Dharura ya mchana inaruhusiwa. Vaa. Naenda na wewe."

Tulitembea, mimi na nguo zangu nyeupe za eda, yeye na baibui lake kuukuu, kasha tumelishika huku na huku. Walisema, bila shaka. Mbele ya duka moja mwanamke akatamka kwa sauti ya kusikika, "Makubwa haya, hata udongo haujakauka." Mama mkwe akasimama. "Udongo wa mwanangu naujua mimi," akamwambia, "nimeutia kwa macho yangu. Tupishe."

Ofisini tulimkuta kijana mpole, akatuamkia wote wawili. Alipoona nguo zangu akasikitika. "Mama, ungetuma mtu tu."

"Waliniambia mtu mwingine hawezi kulipokea," nikasema. "Basi na kulikataa hawezi mtu mwingine."

Alifungua, akakagua, akaniuliza lilivyosafiri. Nikamweleza yote, na Hamadi nikamweleza kama alivyo, mtu mwema. Akaandika kwamba dawa haifai kwa matumizi, nikatia sahihi, akalifungia ili liende kuteketezwa. Akaniuliza kama nina neno la kuongeza. Nikasema ninalo, aandike kwamba niliyeleta nina akili timamu. Akatabasamu, kisha akaona sicheki, akaandika.

Niliporudi nilikaa mahali pangu pa eda nikazimaliza siku zake zote. Nimewaza mara nyingi juu ya maneno yale, kwamba msiba ulinivuruga. Sivyo. Mtu aliyetoka kuzika hadanganyiki kirahisi kwamba kilichokufa kimepona.

Mtu wa Jumatatu alikuja, akakuta kasha halipo, akarudi na boti ya pili. Bwana Edwin alinipigia kuniambia mkataba wangu umekwisha. Nikamwuliza umekwisha lini. Akasema jana. Kwenye karatasi zao wameandika nimestaafu, na mimi neno hilo nimelichukua, kwa kuwa umri wenyewe umefika.

Hamadi nilimwambia ukweli baada ya eda, kwa sababu angesikia kwingine na kwingine wangemcheka. Alishika kichwa. "Nimeiua kwa mikono yangu?" Nikamwambia mwuaji ni aliyeiacha gatini akijua. Hakuridhika. Kwa siku kadhaa hakupita njia yetu. Kisha alikwenda mwenyewe kwa Bi Saumu akaomba afundishwe, na siku hizi hapakii sanduku la dawa kabla hajauliza hii inataka kupozwa au kugandishwa.

Nyinyi mnaoanza, mambo ya kuuza mtayajua wenyewe. Kalamu gawieni, haina madhara. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Kipimajoto kisomeni kabla ya sahihi, hata anayekabidhi akiwa ndugu yenu, hata akiwa na haraka ya boti. Na kampuni ikiwaambia mko nusu muda, sawa, lakini mgonjwa yeye anaumwa muda wote.

Wiki iliyopita alinipigia Rukia, binti aliyechukua nafasi yangu. Alikuwa bandarini. Nilisikia mawimbi na watu wanapigiana kelele za mizigo. Kasha limefika, akaniambia, limechelewa sana njiani, kipimajoto kimepanda vibaya, na msimamizi yuko kwenye simu nyingine anamwambia alipeleke famasi hivyohivyo. Akaniuliza, "Bi Mwanahawa, nikikataa, si wataniondoa?"

Ningeweza kumpoza moyo. Nikamwambia, "Ndiyo, watakuondoa."

Nilimsikia anamwambia msimamizi kwenye ile simu nyingine angoje.

Kisha akaniuliza ofisi ya mfamasia hufungwa saa ngapi.